Mashine ya Kulamba Mbao

Wifi yangu alianza kusugua mbao kabla hajaolewa. Akaolewa, akaendelea kusugua. Ndoa ikamshinda, akarudi kwa kaka yake, na kesho yake asubuhi, hata chai hajamaliza, akaniomba kona ya kusugulia. Kaka yake ndiye mume wangu. Mimi ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa changu peke yangu mpaka siku hiyo. Tukatundika pazia katikati: upande wa dirisha mimi na cherehani yangu, upande wa mlango yeye na viti vya watu vilivyovunjika miguu.

Mtaani wanamwita Mama Viti. Mpelekee kiti ambacho unaona haya kumkaribishia mgeni, atakizunguka kwanza kama mtu anayenunua mbuzi, atakigonga, atakinusa, halafu atakwambia kiliwahi kunyeshewa upande gani na nani alikipaka rangi bila akili. Kisha anakivua vanishi ya zamani, anaunga palipoachana, na anaanza kusugua. Msasa mnene, msasa wa kati, msasa laini. Ukirudi kukichukua utadhani kiti chako kimeenda safari na kimerudi kijana.

Sasa, mimi na vumbi tuna kesi ya muda mrefu. Pazia ni pazia, si ukuta. Kuna wateja waliovaa nguo zangu mpya wakapiga chafya, na kuna suruali moja nyeusi iliyotoka hapa kama imetoka kwa mwoka mikate. Nilipiga kelele mpaka nikachoka. Lakini niseme ukweli, nilikuwa nimeizoea sauti ya mkono wake. Sha, sha, sha, upande wa pili wa pazia, na mguu wangu kwenye cherehani ukawa unamfuata bila mimi kuuambia. Akipumzika yeye, na mimi najikuta nimesimama, sindano iko katikati ya pindo.

Kila fundi ana ugonjwa wake, na wa wifi yangu ulikuwa chaki. Kabla ya kusugua ubao wowote lazima auchore mistari ya mawimbi, kutoka pembe hadi pembe, kisha asugue mpaka mistari yote ipotee. Ndivyo alivyojua kwamba hakuna mahali alipoparuka. Chaki zenyewe alikuwa akizitoa wapi? Kwenye kopo langu. Zile chaki zangu bapa, nyeupe, za kuchorea nguo, zilikuwa zinaisha kama zinaliwa. Nikimuuliza anajibu, "Wifi, ziandike kwenye hesabu ya mapenzi."

Basi, mkono ukaanza kumsaliti. Kwanza kifundo cha kulia kilivimba, tukasema ni baridi. Halafu akaangusha kikombe. Halafu akashindwa kufunga kifungo cha blauzi yake, akaja kwangu upande wa dirisha akasimama mbele yangu, nikamfungia. Daktari aliubonyeza ule mkono huku na huku akasema umesugua vya kutosha. Akiendelea vile, baada ya muda hautashika hata ufagio.

Mume wangu ni dereva wa lori, mtu wa mipango mikubwa na ya haraka. Hakuwa amemaliza hata kusikiliza habari ya daktari, tayari alikuwa amempigia rafiki yake mwenye duka la sahani na vikombe. "Nimekupatia kazi, dada. Kazi ya kukaa. Unakaa kwenye kiti, watu wanakuja, unawafungia sahani kwenye magazeti."

"Kiti chenyewe kikoje?" wifi akauliza.

"Kiti ni kiti. Cha plastiki."

Wifi alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake. Kwa mwanamke huyu, kumkalisha kwenye kiti cha plastiki siku nzima ni kumfunga jela. Akasema, "Nitanunua mashine. Kuna mashine za msasa za umeme. Mkono utakuwa unaongoza tu, kazi inafanya mashine. Pesa ninayo, nilikuwa naiwekea siku kama hii."

Hapo ndipo Mama alipoingilia. Mama, yaani mama yao wawili, mama mkwe wangu, anakaa chumba cha nyuma na anasikia kila kitu kinachosemwa chumba cha mbele, ingawa ukimwita kula hasikii. Alikuja akasimama mlangoni. "Mashine haijui pa kuacha," akasema. "Mkono unajua. Mashine itaharibu vitu vya watu, waje kutugombeza hapa mlangoni. Nenda kauze sahani, Kitinda." Kitinda ndilo jina lake la utotoni, maana ndiye kitinda mimba, na Mama akilitumia ujue amekwisha kata shauri.

Lakini kitinda mimba naye ana kichwa kigumu, na alikipata wapi kama si kwa Mama huyo huyo. Akasema, "Nipe mtihani, Mama. Kitu chako mwenyewe. Nikikiharibu kwa mashine, nauza sahani na sisemi neno. Kikitoka vizuri, mnaniachia kona yangu."

Mama akageuka akatazama chumba cha nyuma. Kisha akasema, "Meza."

Mume wangu akapiga mluzi. Meza ile ndiyo waliyolelewa juu yake wote wawili. Ni mbao nzito, imekuwa nyeusi kwa moshi, mafuta na miaka, ina duara la sufuria la kila shughuli ya nyumba hii, na kwenye pembe moja, upande anaokaa Mama, kuna alama za meno. Ni meno ya mume wangu. Alipokuwa anaota meno alikuwa anashikilia pembe ile anaitafuna kama mahindi. Nimemtania kwa meno yale tangu mwaka niliofunga ndoa. Mgeni akija nyumbani namwonyesha, namwambia huyu bwana nyumba hii aliitaka tangu zamani.

"Jumapili," Mama akasema. "Nataka kulia chakula juu yake Jumapili."

Siku ya kwenda dukani, wifi yangu alivaa viatu vya kutokea. Usiku uliotangulia hakulala, najua kwa sababu asubuhi alinisimulia aina zote za mashine kabla sijanawa uso. Chini ya kwapa alibeba ubao uliofungwa kwenye shuka. Ulikuwa uso wa stuli ya mteja mmoja, stuli iliyokufa ikashindikana, akamwachia. Nilimuuliza ubao ni wa nini, akaniambia, "Wewe ukinunua cherehani si unakwenda na kitambaa?" Ni kweli, maana nilipokwenda kununua yangu nilikwenda na vitambaa vya kila aina na nikamtesa muuzaji mpaka akasahau kufunga duka kwa sala, kwa chakula na kwa kila kitu. Tulikwenda sote watatu, mume wangu akiwa kama mkuu wa msafara.

Duka la vifaa vya ujenzi liko kona ya barabara kuu, lina milango miwili ya chuma na harufu ya rangi na misumari mipya. Muuzaji wake watu wanamwita Waranti, kwa kuwa chochote utakachoshika, hata kamba, atakwambia kina waranti. Alitukaribisha vizuri.

"Mnatafuta nini?"

"Mashine ya msasa," wifi akasema.

"Ya nani?"

"Yangu."

Waranti akamgeukia mume wangu. Mume wangu akatazama dari. "Ni yake," akasema.

Basi Waranti akaingia nyuma akatoka na dude. Lilikuwa zito, lina mkanda wa msasa unaozunguka chini kama ule wa trekta la kuchimba barabara. Mume wangu aliliona akalainika uso. "Hii ya mkanda," Waranti akasema, "hii, mama, inakula mbao. Na ina waranti."

Wifi akafungua shuka akaweka ubao wake juu ya kaunta. Waranti alishangaa kidogo, lakini akachomeka waya. Ile mashine ikanguruma, ikashika ubao, ikaanza kukimbia nao. Wifi akaikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mbuzi aliyekata kamba. Ilipozimwa tulitazama. Katikati ya ubao kulikuwa na shimo refu, laini, lenye kina cha kutosha kuwekea maharage.

"Umeona nguvu?" mume wangu akasema kwa furaha ya kweli.

Wifi akapitisha vidole pale. "Kaka, hii imechimba. Imekula." Akamgeukia Waranti. "Mimi sitaki ya kula mbao, kaka yangu. Nataka ya kulamba."

Waranti akacheka mpaka akashika kaunta, akarudi nyuma. Safari hii alikuja na ndogo, ya mraba, inayokaa ndani ya kiganja. Hiyo ilikuwa na adabu. Haikimbii, haing'ati, inatetemeka tu mahali ilipo. Wifi aliisukuma pole pole na ubao ukawa unang'aa, na mimi nikadhani biashara imekwisha. Lakini baada ya muda aliiweka chini akaanza kukung'uta vidole.

"Ganzi?" nikamuuliza.

"Mpaka kiwiko. Nzuri kwa pembe na kona. Lakini nikifanya nayo meza nzima, jioni mtanilisha kwa kijiko."

Mume wangu alikuwa ameshaona njaa. "Mchagua jembe si mkulima," akasema.

"Aliyesema hivyo hakuwa na kifundo kinachouma," wifi akamjibu bila kumtazama, na Waranti, ambaye sasa alikuwa amempenda mteja wake, akaenda kuleta ya tatu.

Hii ya tatu ilikuwa na sahani ya duara chini na kichwa cha kukamatia juu, na nyuma yake ilikuwa na mfuko mdogo mweusi. Karatasi ya msasa ilikuwa inanata yenyewe, unaibandika na kuibandua kama viatu vya watoto visivyo na kamba. "Hii inazunguka huku inayumba," Waranti akaeleza. "Haipiti njia moja mara mbili, kwa hiyo haichimbi mfereji. Na hapa unaongeza au kupunguza kasi."

Wifi akaiwasha akaikandamiza, kwa mazoea ya miaka ya kutumia nguvu. Ikalalamika, ikaacha viduara vidogo vidogo juu ya mbao.

"Usiikandamize, mama. Uzito wake unaitosha. Iongoze tu."

Akavuta pumzi, akashusha mabega. Akaiwasha tena. Na nitakwambia nilichokiona: nilimwona wifi yangu anafumba macho. Mkono wake ule mbovu ulikuwa umekaa juu ya mashine umelegea, unakwenda mbele, unarudi, kama unampapasa paka. Kisha, bila kuizima, akaihamishia mkono wa kushoto, na kazi ikaendelea vile vile. Alipogundua kwamba mikono yote miwili inaweza, akafumbua macho akanitazama, na meno yote yako nje.

Mimi nilikuwa natazama mfuko. "Hilo vumbi linakwenda wapi?" nikauliza.

"Ndani ya mfuko," Waranti akasema. "Karatasi ina matundu, inavuta. Ukijaa unaumwaga."

"Wifi," nikasema, "chukua hii."

"Kwa ajili ya mkono wangu au nguo zako?"

"Mkono wako kwanza. Lakini chukua."

Alizima mashine, akainua ubao, akauweka shavuni. Ndivyo anavyopima siku zote, kwa shavu, anasema vidole vimeota sugu na vinadanganya. Akakaa hivyo katikati ya duka, watu wanapita na mabomba na mabati, yeye amelala shavu juu ya kipande cha stuli iliyokufa. "Hii," akasema. Sikuwahi kumwona mtu anafurahi hivyo kwa neno moja.

Njiani aliipakata kama mtoto aliyetoka kuzaliwa. Tulipofika, jirani mwenye duka la vocha akaja kuona, kinyozi wa ng'ambo akaja na mteja wake akiwa na povu upande mmoja wa kidevu, na mume wangu akawaeleza wote habari za mashine kama aliyeichagua yeye. Mama alivuta kiti chake akakaa nje ya mlango, mgongo kwetu. Hakutaka kuona, ila alitaka kusikia.

Meza ilikuwa tayari. Vanishi ya zamani na uchafu wifi alikwishaviondoa kwa dawa siku mbili nyuma, mbao ziko uchi, zimekauka, zina rangi ya kijivu isiyo na habari. Akachukua chaki kwenye kopo langu. Siku hiyo hakuchora mistari ya kawaida. Kwa furaha alichora mawimbi manene, yaliyobanana, mpaka meza ikafanana na daftari la mtoto wa chekechea. Akabandika msasa. Akatuangalia. Akawasha.

Mwanzo hatukuelewa tunachokiona. Mistari haikupotea. Ilisambaa. Badala ya mbao safi kukatokea michirizi inayong'aa, kama konokono amepita, na mashine ikaanza kuteleza badala ya kusugua. Wifi akaizima, akaigeuza. Karatasi ilikuwa imejaa vidonge vidonge vigumu, haina ukali tena. Akabandika mpya. Dakika chache, yale yale. Akasahau aliyoambiwa, akaikandamiza. Ikawa mbaya zaidi.

Akaizima. Kinyozi akakumbuka mteja wake ana povu, wakaondoka.

"Imeshiba tayari?" Mama akauliza kutoka nje.

Wifi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Dukani ilifanya," akasema polepole. "Mashine ile ile, msasa ule ule. Basi ni mkono wangu, wifi. Umekufa mpaka mashine imeujua."

"Tuirudishe," mume wangu akasema. "Si ina waranti?" Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia uchungu, maana alikuwa ameshaona mwisho wa jambo.

Wifi akaanza kuukunja waya. Aliukunja vizuri, kwa mkono wa kushoto, akiunyoosha kila alipozungusha. "Mwambie rafiki yako Jumatatu nitakuja," akasema.

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia mashine, nikamkasirikia Mama na mgongo wake pale nje. Nilikuwa nimemvumilia mwanamke huyu na vumbi lake miaka yote hii, na sasa aende kufungia watu sahani, mimi nibaki na chumba kisafi cha nini? Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Nikainama nikaibandua ile karatasi ili niitupe, na ilipogusa vidole vyangu ilikuwa ya moto.

Nikainusa. Harufu ile naijua. Naivuta puani kila siku ya Mungu nikipiga pasi.

"Wifi," nikasema, "dukani ulichora?"

"Kuchora nini?"

"Mistari yako. Ule ubao wa stuli uliuchora chaki?"

Akafikiri. "Hapana. Haraka ile, chaki ningeitoa wapi?"

Nikaenda upande wangu wa pazia, nikachukua kipande cha kitambaa cheusi, nikakichora kwa chaki ile ile, nikakiweka pasi juu. Nikamwonyesha: mstari mweupe umepotea, na mahali pake pamebaki doa dogo la mafuta. "Chaki zangu si za darasani. Hizi zina nta. Ndiyo maana nazipenda, ukipiga pasi alama inaondoka. Ulipokuwa unasugua kwa mkono hapakuwa na joto, zilikuwa zinatoka na vumbi. Hii mashine inazunguka, inapata moto, nta inayeyuka. Umepaka msasa mshumaa, mwanamke."

Akakishika kitambaa, akakinusa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini kwanza, kikapanda, akashika tumbo, akaanguka nusu kutoka kwenye ndoo. "Kwa hiyo mkono wangu ni mzima?"

"Mkono wako ni mbovu. Ila hii si kazi yake."

Ikabaki nta iliyokwisha ingia kwenye mbao. Hiyo nayo ilikuwa saizi yangu. Nguo ngapi za sherehe nimeletewa zimedondokewa mshumaa. Nikatandaza karatasi ya kaki juu ya meza, nikapitisha pasi ya moto juu yake, taratibu, na nta ikapanda kwenye karatasi, madoa meusi yanayokua. Nikabadilisha karatasi, nikasogea, nikaendelea. Nilikuwa katikati ya meza, jasho linanitoka, Mama alipochoka kusikiliza asichokielewa akaingia.

Alisimama akaniangalia. "Mke mwana," akasema, "unaipiga pasi meza yangu?"

"Ndiyo, Mama. Ilikuwa na mikunjo."

Akamgeukia mwanawe. "Hivi huyu ulimtoa wapi?"

"Ulinitafutia wewe, Mama," mume wangu akasema, na Mama akarudi kwenye kiti chake. Lakini safari hii alikigeuza kidogo, akawa anatuona kwa upande.

Wifi akachora upya, kwa kalamu ya risasi ya mume wangu, mistari myepesi ambayo inabidi uiname kuiona. Msasa mpya. Akashusha mabega. Akawasha.

Na ikalamba. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Mistari iliondoka mmoja mmoja kama inayofutwa na maji, na nyuma yake, kwenye ile kijivu isiyo na habari, ikatoka rangi nyekundu ya joto, na nyuzi za mbao zikaonekana zinavyopita, zinavyozunguka fundo, zinavyoendelea. Mume wangu, mwenye kuamini makubwa, alikuwa ameinama na mikono magotini, mdomo wazi. Wifi alihama kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, anapumzisha mkono mmoja anatumia mwingine, anaimba wimbo ambao hatuusikii kwa sababu ya mngurumo, midomo inacheza tu. Nami nilirudi upande wangu nikaketi kwenye cherehani, nikakuta mguu umeshajua mwendo mpya. Pindo la sketi nililolimaliza siku ile ni la haraka kuliko yote niliyowahi kushona, na sketi yenyewe ilikuwa nyeusi na haikuwa na vumbi. Nilimwambia mteja wangu ainuse kama haamini.

Msasa mnene, wa kati, laini. Alipofika kwenye pembe ya upande wa Mama, mashine ikanyamaza. Nikachungulia kupitia pazia. Alikuwa ameiweka chini, amechukua kipande kidogo cha msasa uliochakaa, amekizungushia kwenye kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na anapitisha pale polepole sana, mara chache tu, halafu anapuliza.

"Mbona hapo humalizii na mashine?" nikamuuliza.

"Hapa pana mwenyewe," akasema, akapuliza tena.

Jumapili meza ilikuwa imekauka mafuta yake. Tuliibeba mume wangu na mimi tukaiweka mahali pake chumba cha nyuma, na wifi akaja nyuma yetu mikono mitupu, kwa sababu tulimkataza kubeba. "Wifi, naogopa," akaninong'oneza. Nikamshika ule mkono mbovu.

Mama alivua miwani. Akaweka kiganja katikati ya meza akakipeleka mpaka mwisho, akakirudisha. Akapapasa pale palipokuwa na duara la sufuria; halikuwepo. Akapapasa ukingo. Kisha akaja upande wake, akaketi mahali pake, na kidole gumba chake kikaenda chini ya pembe, moja kwa moja, bila kutafuta, kama mtu anayezima taa ya chumbani kwake mwenyewe.

Kikakaa hapo.

Ndipo nikaelewa. Miaka yote niliyokuwa nawaonyesha wageni yale meno na kucheka, yeye alikuwa ameketi pale pale, kidole kiko chini ya pembe, anayashika. Kila mlo. Hakuwa anaogopa mashine kwa ajili ya vitu vya watu.

Uso wa Mama ulikuwa umelegea, na macho bila miwani yalikuwa na maji. "Imejuaje pa kuacha?" akauliza.

"Haijui, Mama," wifi akasema. "Niliizima."

Mama akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali hesabu. Akamwita mwanawe. "Njoo. Weka kidole hapa."

"Mama, mimi mtu mzima."

"Weka."

Akaweka. Akainama hapo, dereva wa lori mzima, kidole chake karibu na cha mama yake, na kwa mara ya kwanza sikupata la kumtania.

Halafu Mama akavaa miwani yake, akajifuta, na sauti yake ya kila siku ikarudi. "Na viti vya meza hii mnangoja nini? Viko stoo vimejaa vumbi. Au mlitaka nikae kwenye cha plastiki?"

Wifi alikuwa ameshatoka, na tukamsikia stoo anahamisha masanduku kwa mkono wa kushoto.